Lister ya Marehemu Mjomba

Mwandishi wa habari wa mkoani hana siku ya mapumziko, ana siku ambayo mhariri hajampigia bado. Ndiyo maana wenzangu walishangaa nilipoanza kuzima simu kila Jumamosi, kutwa nzima, wiki tatu mfululizo. Mmoja alidhani nimepata mchumba. Mwingine, mwenye roho ya kwa nini, alidhani nimepata kibarua kwenye gazeti pinzani. Kumbe nilikuwa nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa kuelekea Kwihara, nimevaa suruali niliyokuwa naivaa Malimbe enzi za chuo, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, nikihangaika na injini ya kusagia mahindi ambayo haijawaka kwa zaidi ya miaka kumi.

Injini yenyewe ni Lister. Kwa nyie mliokulia mjini ambako umeme ni kitu cha kawaida (ukikatika tu ndiyo mnakumbuka kuwa upo), hebu niwaeleze kidogo. Hii ni injini ya dizeli isiyokwenda popote. Haina matairi wala haivuti gari. Inafungwa kwa bolti kwenye zege, na kazi yake ni kuzungusha mkanda, na mkanda nao unazungusha kinu, pampu ya maji au jenereta. Ina silinda moja tu iliyosimama wima, na kulia na kushoto kwake kuna magurudumu mawili makubwa ya chuma ambayo mafundi huyaita flaiwili. Kiwanda cha R. A. Lister kilianzishwa mwaka 1867 huko Dursley, Uingereza, kikitengeneza vifaa vya wakulima, na dizeli za aina hii zikaanza kutoka karibu na mwaka 1930. Walizipa herufi mbili, CS, na maana yake ni kwamba inawaka ikiwa baridi. Msicheke. Injini nyingi za mafuta mazito za kabla yake ilibidi kwanza uzipashe kichwa kwa moto wa taa, usubiri, ndipo zikubali. Hii ilitaka mtu mwenye mkono na kifua, basi.

Nguvu yake ni ya farasi sita kwa mizunguko 650 kwa dakika. Ukiweka pembeni yake injini ya Kichina, ile S195 iliyojaa kwenye mashine za kusaga siku hizi, utamwonea huruma Mwingereza: Mchina anatoa nguvu ya farasi 12 kwa mizunguko 2,000, ni mdogo, na spea zake unazipata dukani. Sisemi Mchina ni mbaya. Amesaga unga mwingi sana nchi hii na watu wameshiba. Ila kitu kinachozunguka mara 650 hakiliki sawa na kitu kinachozunguka mara 2,000, na ndiyo maana Lister za umri wa babu zetu bado zipo, na Wahindi wa Rajkot kule Gujarat wameendelea kuzinakili miaka nenda rudi.

Mjomba aliinunua Urambo, ikiwa tayari ni mtumba, kwa mkulima wa tumbaku. Urambo ni mahali penye historia ya vyuma. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mradi wao maarufu wa karanga, wakaufungua Kongwa, Nachingwea na Urambo, wakaleta matrekta, wakaleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na kufikia 1951 wakawa wameutupa mkono. Ardhi ya Urambo ikaishia kwenye tumbaku. Mjomba alikuwa anasema Urambo ukichimba kisima unakuta bolti kabla ya kukuta maji. Alikuwa anatia chumvi, lakini ndivyo alivyokuwa.

Nilikuwa naletwa kwake likizo kutoka Dar es Salaam, na kumbukumbu yangu ya kwanza ya Tabora si maembe wala asali kama ambavyo ingetakiwa iwe. Ni mluzi. Juu ya bomba la moshi mjomba alikuwa amening'iniza kopo la maziwa ya unga, na kila injini ilipotoa pumzi kopo lilipiga mluzi. Tu! Tu! Tu! Lile lilikuwa tangazo la biashara. Mama aliye shambani kilomita mbili anajua kuwa mashine imefunguliwa, anachukua debe lake anakuja. Matangazo ya redio ya siku hizi hayafikii hata nusu.

Kisha nguzo za umeme zikapita. Jirani akafunga mota, anasaga bila dizeli, bila moshi, bila kuloa jasho asubuhi. Mjomba alishindana naye msimu mmoja, halafu akaifungua mikanda, akafunika injini kwa turubai na kurudi kwenye mizinga yake ya nyuki. Alifariki miaka miwili iliyopita. Turubai lilikuwa limeshaoza, na kuku walikuwa wanataga kati ya injini na ukuta.

Sasa hapo ndipo stori inapoanza. Mke wa mjomba, ambaye mimi namwita Mama, anasomesha wajukuu wawili. Mwezi wa sita akapita kijana wa vyuma chakavu na guta lake na mizani yake ya kuning'iniza. Akaizunguka ile Lister, akaipiga kofi, akataja bei ya kilo. Ukiizidisha unapata pesa isiyotosha ada ya mtoto mmoja. Akasema atarudi na nyundo, kwa sababu nzima haipakiki, ni lazima ivunjwevunjwe. Mama akaniambia habari hizo huku anamenya matobolwa, kama mtu anayesimulia kuwa kesho atafagia uwanja.

Nikamwambia, "Mama, ikiwaka utaiuza kama injini. Ikivunjwa utaiuza kama misumari."

"Mwanangu, chuma hakiliwi," akanijibu. "Na wewe ni mwandishi, siyo fundi."

Tulifika makubaliano: Jumamosi tatu. Ikishindikana, kijana wa nyundo aje, na mimi ninyamaze.

Mama alikuwa sahihi kuhusu ufundi wangu. Kwa hiyo nikamtafuta mzee mmoja wa Isevya, mstaafu wa reli, aliyeanza kazi karakana kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Shikamoo babu, marahaba, umetokea wapi, ubini wako nani. Nikataja ubini wa baba. Ohoo! Mzaramo! Mnaojua mambo ya utani mnaelewa nilichojiingiza. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na kwa mama mimi ni mtu wa hapa, lakini mzee alilichukua lile la baba tu, la mama akaliacha.

"Babu zako walikaa pwani wakila nazi, babu zangu wakibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo," akasema tulipofika kwenye injini. "Leo Mungu amekuleta ubebe mwenyewe. Shika huku."

Nilishika huku, wiki tatu.

Jumamosi ya kwanza hendeli haikusogea hata unywele. Nikauliza kama imenoki. Mzee akaniangalia kama nimetukana. Injini iliyonoki, akanifundisha, imekufa ikiwa kazini: imekosa oili, chuma kimekula chuma. Hii haikufa kazini. Ilizimwa vizuri, ikakaa, mvua za masika kadhaa zikaingia kwa njia ya bomba la moshi, kutu ikazikamata ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Hii imeshika tu. Tukafungua kichwa. Kwenye njia ya moshi kulikuwa na kiota cha nyigu, wenyewe wamehama, na juu ya pistoni kutu ya rangi ya matofali, laini kama unga wa muhogo uliolowa. Tukachanganya dizeli na mafuta ya taa tukamimina juu ya pistoni mpaka pakajaa kama kikombe. Halafu mzee akanawa mikono.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa nenda kaandike habari zako. Na ukileta nyundo hapa mimi nitakuvunja wewe."

Jumanne jioni nikapita na bodaboda kuangalia. Kikombe kilikuwa kimepungua nusu. Maana yake mafuta yanapenya pembeni ya ringi, yanatafuta njia kwenda chini. Nikaongeza. Alhamisi yamepungua tena. Nakwambia ndugu msomaji, sijawahi kufurahia kitu kupungua kiasi kile.

Bodaboda zinazonipeleka kule zinafuata uelekeo wa watu wengi waliotangulia. Ukiendelea mbele kidogo unafika kwenye lile tembe la Kwihara alikokaa Stanley mwaka 1871, na ambako Livingstone alisubiri wapagazi hadi Agosti 1872 ndipo akaondoka kwenda kufia Bangweulu. Leo ni makumbusho. Watalii huonyeshwa vyumba na barua, na ni sawa, lakini mimi nikiwa na grisi mikononi nilijikuta nawaza uzito tu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kidogo. Flaiwili moja ya Lister tuliinyanyua watu wawili tukahema. Katika zama zile chuma cha maana kilifika huku vipande vipande au hakikufika. Mwaka 1882 mmishenari Edward Hore alitoka pwani na boti ya chuma iliyokatwa vipande, ikiwa kwenye mikokoteni, ikivutwa na watu wa nchi hii kupita pori na tope, na mwaka uliofuata ndipo ikafika Ujiji. Hore ana jina lake vitabuni. Waliovuta mikokoteni ni "wapagazi" tu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ndipo mabega ya Wanyamwezi yakapumzika na chuma kikaanza kuja kwa kukaa.

Mzee wa reli ana habari moja anayoipenda kuliko zote, na aliirudia mara tatu katika zile wiki tatu. Ni ya MV Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 wakaifungua, wakaipakia kwenye masanduku 5,000, yakaja Dar es Salaam kwa bahari na kupita hapa hapa Tabora kwa reli kuelekea Kigoma. Iliingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, walipoona wameshindwa vita, wakaizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo walizipaka kwanza injini zake grisi nzito, kila mahali. Ilikaa chini ya ziwa karibu miaka minane. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakasafisha, na Mei 1927 ikaanza kusafirisha watu kwa jina la Liemba, kwa injini zile zile za mvuke, ambazo zilidumu mpaka miaka ya 1970 zilipobadilishwa kuwa za dizeli.

Mzee hajali nani alikuwa adui wa nani. Yeye anawaza wale mafundi. "Umeamriwa uizamishe, unaizamisha. Lakini hukuamriwa uiue." Kisha ananigeukia. "Mjomba wako naye aliweka oili mpya kabla ya kufunika. Nimeiona. Safi." Mimi hapo sikuwa na la kusema. Mjomba hakumwambia mtu yeyote kuwa anatarajia kuiwasha tena.

Jumamosi ya pili tulichomeka gogo la mninga kati ya mikono ya flaiwili tukasukuma, si kwa nguvu za ghafla, bali kwa kuegemea. Mzee anahesabu, tunaegemea, tunaacha. Mara ya saba au ya nane flaiwili ikasogea upana wa kidole. Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Tukairudisha nyuma, tukaipeleka mbele, upana wa kidole, upana wa kiganja, na kufikia saa sita mchana ilizunguka duara zima, ikikwaruza kama mtu anayesafisha koo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndefu na sitawachosha nayo yote. Pistoni tuliitoa kwa juu, ringi tukazisafisha kwa mafuta ya taa na kipande cha msumeno mpaka zikacheza kwenye mifereji yake. Valvu tukaisaga kwa mkono kwenye kiti chake, unaizungusha kama unapekecha moto, saa nzima. Gaskiti ya kichwa tulikatiwa na fundi kwenye karakana za SIDO. Ila nozeli lazima niiseme. Nozeli ndiyo inayotia dizeli ndani ya silinda, na dizeli haina plagi wala cheche: hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. Kwa hiyo mafuta ni lazima yaingie kama ukungu. Mzee aliifunga kwenye bomba lake nje ya injini, akanipa wenzo wa pampu nipampu. Ikatoka mshipa mwembamba, tii!

"Inakojoa," akasema. "Nozeli nzima haikojoi."

Tukaifungua, tukaiosha, tukaisugua sindano yake kwa kitambaa laini na oili. Tukajaribu tena. Inakojoa. Tukarudia. Mara ya nne ikatoa sauti ya kukoroma, krrr, na mbele yake pakatanda wingu jeupe lililoning'inia hewani juani.

Nataka niseme kitu hapa kuhusu kazi yetu. Nikiwa ofisini naishi kwa maneno kama "inadaiwa", "inasemekana", na lile kubwa lao, "juhudi za kumpata ofisa husika hazikuzaa matunda". Naweza kushughulikia habari mwezi mzima na mwisho nisijue kama nimeshika ukweli au nimeshikishwa. Nozeli haina inadaiwa. Sisemi gazeti lingekuwa zuri zaidi likiandikwa na mafundi, tungekosa habari za michezo, lakini wiki ile nilirudi kazini nikafuta "inadaiwa" mbili kwenye habari yangu na kumpigia mtu simu mpaka akapokea.

Jumamosi ya tatu Mama alileta kiti akakaa kwa mbali, amekunja mikono. Tuliweka pipa la maji pembeni, mabomba mawili, la juu na la chini. Lister hii haina pampu ya maji. Maji yaliyopata moto yanapanda yenyewe kwenda pipani, ya baridi yanashuka kuingia chini ya silinda, na mzunguko unaendelea kama hewa ndani ya nyumba yenye madirisha mawili. Tukatoa hewa kwenye njia ya dizeli. Tukapampu kwa mkono mpaka nozeli ikakoroma ndani ya kichwa. Kisha unainua valvu ya moshi ibaki wazi ili silinda isibane, unazungusha hendeli, unaongeza mwendo, flaiwili zinashika kasi, na ukiona uzito wake umekubeba badala ya wewe kuubeba, unaachia valvu.

Mara ya kwanza ikapumua mara moja ikasimama. Mara ya pili hivyo hivyo, na moshi mweupe. Mzee akanisogeza. Akiwa na miaka sabini na kitu aliizungusha yeye, polepole, polepole, kisha kasi, akaachia. Tuk. Kimya, nusu mzunguko. Tuk. Tuk. Tuk tuk tuk tuk. Moshi mweusi, halafu wa kijivu, halafu hakuna moshi. Sakafu inatetemeka miguuni. Mzee ameweka kiganja juu ya kichwa cha injini kama anapima homa ya mtoto.

Mama alinyanyuka akaingia ndani, akatoka na kopo. Alikuwa amelitunza. Nikalining'iniza kwenye bomba la moshi, na ule mluzi ukatoka.

Haikupita nusu saa akatokea bibi mmoja na debe la mahindi kichwani, amevuka mabonde kutoka upande wa pili. "Mnasaga?" Kinu chenyewe kilishauzwa zamani. Mama akampa maji na kiti, wakakaa wakaongea habari za marehemu mpaka jua likapoa.

Jioni ile Mama aliniuliza inakula lita ngapi. Ikiwa na mzigo kamili, lita moja na nusu hivi kwa saa. Akahesabu kwa vidole, bei ya dizeli huku, bei ya jirani mwenye mota kule, akatikisa kichwa. Nilikuwa na mawazo yangu, kuifunga upya, kununua kinu kingine, kuweka picha ya mjomba ukutani. Sikuyasema. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na ada ilikuwa inadaiwa Julai.

Kijana wa vyuma alipokuja na nyundo alimkuta Mama ameketi juu ya sanduku la spana, akaambiwa bei imebadilika. Hakuweza. Aliyeweza ni msagishaji wa upande wa Sikonge, kwenye kitongoji ambacho nguzo za umeme hazijafika. Kijijini zipo, kwenye kitongoji chake bado. Alikuja na lori na vijana sita, akataka aione ikiwaka kwanza, akaiwasha mwenyewe mara mbili. Mzee wa reli alimpa masharti ya nusu saa: oili, chujio la dizeli, pipa lisipungue, na asidanganywe na mtu kuongeza mwendo kupita 650. Pesa zililipa ada za wote wawili na bati za upande mmoja wa nyumba.

Kopo waliliomba, Mama akawanyima. Wakasema watatafuta la kwao.

Wiki mbili baadaye yule msagishaji alinipigia nikiwa kwenye kikao cha baraza la madiwani. Nikatoka nje. Inasaga, akasema, ila inavujisha oili kwenye mlango wa ubavuni. Nikamuuliza mzee. Akasema akate gaskiti kwenye karatasi ngumu ya boksi, ailoweke kwenye oili usiku mmoja, na akaze nati kwa kupishanisha, asianze upande mmoja.